KASKE GANI KWA KUNASA SAUTI NYUMBANI?



Siku hizi wanafunzi wengi wanapenda kunasa nyimbo zao wenyewe. Hawangojei tena studio kubwa ya mjini. Wakiwa na kompyuta, mikro moja na chumba chenye utulivu, kazi inaanza. Lakini wakifika kwenye kaske wote wanauliza neno moja: tununue ipi, na feza zetu ni kidogo? Tunajaribu kujibu hapa kwa maneno mepesi, sababu feza za kikundi zinachangwa polepole, na zikipotea hazichangwi mara ya pili.

1. Kaske iliyofungwa ni nini?

Kaske ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza iko wazi nyuma: vikombe vyake vina matundu, hewa na sauti zinapita. Ya pili imefungwa: nyuma ya kikombe ni ukuta mzima, na mto wake unazunguka sikio lote. Katikati kuko zingine za nusu-wazi, kama AKG K240. Watu wengi wakiiona wanafikiri imefungwa, kumbe hapana. Muulize mbele ya kulipa.

Sasa tufikiri mwimbaji mbele ya mikro. Ndani ya kaske anasikia gitaa lililonaswa jana. Kama kaske iko wazi, gitaa lile linatoka nje na kuingia tena katika mikro pamoja na sauti yake. Kisha, hata mkitaka kupunguza gitaa, halipungui vizuri: limekwisha kushikamana na sauti ya mwimbaji. Mbaya zaidi ni metronomu: tak, tak, tak, mpaka mwisho wa wimbo, na kuifuta yote ni kazi ngumu sana. Ndiyo maana kwa kunasa sauti sherti kaske iliyofungwa.

Inazuia pia kelele za nje, kama mashine ya umeme ya jirani. Lakini tusidanganyike: inazuia kelele isifike katika sikio la mwimbaji tu. Mvua ikipiga mabati, mikro inaendelea kuisikia. Hapo dawa ni kungoja mvua iishe.

2. Namba za kwenye karton

Omu. Namba hii inaonyesha namna kaske inavyopinga umeme. Kwa simu na kompyuta ya kawaida, kaske ya omu 32 mpaka 80 inafaa mara nyingi. Tutoe mfano: Beyerdynamic DT 770 Pro, kaske ya Ujerumani iliyotoka mwaka 1985, inapatikana kwa omu 32, 80 na 250. Zinafanana kwa macho, lakini ile ya 250 inataka amplifikateri. Ukiiweka kwenye simu, unasukuma sauti mpaka mwisho na bado unasikia kidogo. Mtu akikosa kusoma namba hii anaweza kununua kitu kizuri kisichomfaa.

Hertsi. Sikio la kijana mzima linasikia karibu hertsi 20 mpaka 20.000. Wauzaji wanapenda kuandika zaidi ya hapo. Namba kubwa haisemi kama sauti nzito na sauti nyembamba zinatoka kwa kipimo sawa. Musiongeze feza kwa ajili yake.

Kamba. Mara nyingi ndiyo inakatika ya kwanza. Kamba inayochomolewa inabadilishwa kwa dakika moja. Ile iliyoshonwa ndani inataka fundi. Na kaske isiyo na kamba, ya blutufu, tuiache kwa kusikiliza tu: sauti yake inachelewa kidogo, na mwimbaji anakosa mwendo wa wimbo.

3. Mifano ya bei nafuu

Audio-Technica ATH-M20x ni ya wanaoanza: omu 47, na katika nchi za Ulaya na Amerika inauzwa karibu dola 50. Kamba yake haichomoki. Ndugu yake ATH-M40x, omu 35, ina kamba ya kuchomoa, na bei inapanda. Sony MDR-7506, omu 63, imetengenezwa tangu 1991 na inatumika katika studio na radio nyingi. Inaonyesha wazi makosa ya sauti nyembamba, kama pumzi na herufi s. Ngozi ya mito yake inabambuka baada ya miaka, lakini mito mipya inapatikana. Sennheiser HD 280 Pro, omu 64, inabana kichwa kwa nguvu na kuzuia kelele vizuri. Hizi mbili zinazunguka karibu dola 100 kule. Mpaka kutufikia, safari inaongeza.

Angalisho: kaske yenye jina kubwa ndiyo inaigwa zaidi. Ukiona Sony mpya kwa dola 15, jina liko la Sony lakini kaske si yake. Afazali ATH-M20x ya kweli kuliko kaske kubwa ya uongo.

4. Na kwa miksaji?

Hapa kaske iliyofungwa ina shida zake, na ni vizuri kuzijua. Kwanza, sauti nzito: hewa imefungwa ndani ya kikombe, na bass inaweza kudanganya. Tena, mto usipokaa vizuri, kwa sababu ya miwani au nywele, bass inakimbia. Pili, mbele ya bafle kila sikio linasikia bafle zote mbili. Katika kaske, kushoto kunabaki kushoto peke yake. Wimbo unaonekana mpana kuliko ulivyo.

Dawa haina bei. Chukua wimbo mmoja uliotengenezwa vizuri na unaoujua sana, usikilize kila mara mbele ya kuanza kazi, kisha linganisha na wako. Ukimaliza, sikiliza kazi yako kwenye radio ya nyumbani, kwenye simu, katika motokari ya mtu. Kama bass imepotea pote, kaske yako inaiongeza. Andika hilo na ukumbuke. Baada ya miezi michache utajua tabia yake. Kaske ya dola 50 unayoijua inashinda ya dola 300 uliyoazima jana.

5. Masikio hayauzwi

Kaske inaharibika, tunanunua ingine. Sikio hapana. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Sauti ikifika desibeli 90, saa zile 40 zinabaki 4 tu. Basi anza na sauti chini, pandisha polepole, na kila saa moja vua kaske upumzike. Ukisikia mlio masikioni, kazi ya siku ile imekwisha.

Kwa kifupi: iwe imefungwa kweli, omu zisipite 80, isiumize kichwa baada ya nusu saa, na mkaijaribu na wimbo wenu mbele ya kulipa. Mwenye swali au neno la kuongeza atuletee, tutalichapa katika nambari ijayo.

Kazi njema!