Fahamu: Kwa nini ukiumwa na mbu unawashwa?

Ukishuka kutoka Mbinga, kwenye baridi ya milima ya Umatengo, hadi Mbamba Bay au Liuli kando ya Ziwa Nyasa, joto linaongezeka na mbu nao wanaongezeka. Asubuhi mikono imejaa vipele. Kinachowasha hasa ni mate ya mbu, si tundu alilotoboa.

Mate yanafanya nini?

Mbu jike pekee ndiye anayefyonza damu, apate lishe ya mayai yake. Akichoma, huingiza mate yanayozuia damu isigande. Kinga ya mwili huyaona kuwa kitu kigeni na kumwaga kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo hutanuka, majimaji huvuja, ngozi huvimba, na neva hupeleka ubongoni taarifa ya muwasho. Aliyeumwa miaka mingi mara nyingi huvimba kidogo kuliko mtoto au mgeni.

Na yale mawingu ya ziwani?

Wadudu wanaopaa juu ya Ziwa Nyasa kama moshi si mbu, na hawaumi. Wasisingiziwe.

Ufanye nini?

Osha kwa sabuni, kanda kwa kitambaa cha maji baridi, na usikune: kucha huchubua ngozi na kuingiza bakteria.

Muwasho si dalili ya malaria. Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, huuma zaidi usiku, na homa kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baadaye. Lala ndani ya chandarua chenye dawa; ukipata homa, nenda zahanati ukapime kabla ya kumeza dawa.