Risiva na jairo za bei nafuu: soko la ndege ndogo za rimoti na mnunuzi wa Kibirichia

Risiva ni kifaa kidogo ndani ya ndege ya mfano kinachopokea amri za rimoti na kuzigawa kwa sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza vibapa vya mabawa na mkia. Jairo hukaa kati ya risiva na sevo. Huhisi ndege inapoyumba na kurekebisha vibapa kabla mrushaji hajauona mtikisiko wenyewe. Sehemu kubwa ya vifaa hivi hutengenezwa China, na ushindani wa viwanda umeshusha bei hadi kumfikia mwanafunzi wa chuo cha ufundi. Hata hivyo, wengi hununua mara mbili kwa sababu huanza na kifaa kilicho rahisi kuliko vyote, kisha hugundua kuwa hakielewani na rimoti yao. Anayetaka kuokoa pesa huchagua kwanza itifaki ya mawimbi, ndipo risiva, ndipo umeme wa kuilisha, na jairo huja mwisho.

Kibirichia iko Buuri, Kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Ni nchi ya viazi, na mashamba yaliyokwisha kuvunwa hutoa uwanja mpana kwa mrushaji aliyepata ruhusa ya mwenye shamba. Mazingira haya yana masharti yake. Katika kimo cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 18 ukilinganishwa na pwani. Kwa hiyo ndege ya uzito uleule hulazimika kukimbia zaidi kwa takriban asilimia 10 ndipo ipae. Tena jua likishapasha miteremko, upepo hupanda mlima na kuitikisa ndege nyepesi. Mrushaji wa huku ana sababu nzuri zaidi ya kutaka jairo kuliko yule anayerusha asubuhi tulivu penye hewa nzito.

Itifaki ndiyo inayoamua risiva ipi itaisikia rimoti ipi. Rimoti nyingi za leo hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, lakini kutumia mawimbi yaleyale hakumaanishi kuelewana. Kampuni ya FlySky ya China ina AFHDS 2A, FrSky ina ACCST na ACCESS, Futaba ya Japani ina FASST na nyingine, na Spektrum, iliyo chini ya Horizon Hobby ya Marekani, ina DSMX. Zaidi ya hizo ipo ExpressLRS, itifaki huria ambayo programu yake hutolewa bure, na kampuni kama RadioMaster, Matek, BetaFPV na Happymodel huitengenezea vifaa. Kwa kuwa hakuna kampuni moja inayoimiliki, bei ya risiva zake hubaki chini, na kiwanda kimoja kikifunga mlango, mnunuzi huhamia kingine bila kubadilisha rimoti.

Zipo pia rimoti zenye moduli ya itifaki nyingi, zinazotumia programu ya EdgeTX na zinazoweza kuzungumza na risiva za FlySky, FrSky, Spektrum na nyinginezo. Rimoti ya aina hiyo hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini humpa mwenye ndege tatu au nne uhuru wa kuokota karibu risiva yoyote ya bei nafuu anayoikuta sokoni.

Hapa kuna jambo la Kenya linalopaswa kuangaliwa. ExpressLRS huuzwa katika matoleo ya gigahezi 2.4 na ya megahezi 868 au 915. Toleo la 915 limekusudiwa nchi za Amerika na nyingine zilizoruhusu mawimbi hayo. Kenya imo katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, na katika kanda hiyo mawimbi kati ya megahezi 880 na 915 hutumiwa na simu za mkononi kupeleka sauti na data kwenye minara. Rimoti ya 915 huingia katika njia ya simu na yenyewe husumbuliwa nazo. Gigahezi 2.4 inatosha kabisa kwa ndege inayorushwa ikionekana kwa macho, na ndiyo ya kununua.

Baada ya itifaki, mnunuzi hutazama jinsi risiva inavyotoa amri. Ndege ya kawaida hutaka risiva yenye pini za PWM, ambapo kila sevo huchomekwa mahali pake na kupokea mapigo ya kati ya mikrosekunde 1,000 na 2,000. Risiva nyingi ndogo za ExpressLRS zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa hazina pini hizo. Hutoa mfululizo mmoja wa data kwa ajili ya kompyuta ya droni, na sevo haichomeki popote. Anayezinunua kwa kufuata bei peke yake hulazimika kuongeza kifaa kingine, na akiba yote huishia hapo. FS-iA6B ya FlySky ina chaneli sita za PWM na antena mbili, na kwa miaka mingi imeuzwa kwa takriban dola 10 hadi 15. Risiva za PWM za ExpressLRS, kama zile za jamii ya ER za RadioMaster, huwa kati ya dola 15 na 30. Risiva halisi za Spektrum mara nyingi huvuka dola 50, ingawa Lemon Rx hutengeneza zinazoelewana na DSMX kwa bei ya chini zaidi.

Chaneli nne hutosha ndege ya mafunzo: mabawa, mkia wa mlalo, usukani na mota. Sita huongeza swichi ya jairo na vibapa vya kupunguzia mwendo. Zaidi ya hapo ni matumizi ya ndege kubwa. Panapofaa kuongeza pesa ni kwenye antena mbili, kwa sababu ndege ikigeuka, betri na mota huweza kuikinga antena moja isisikie. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5, hivyo sehemu ya antena iliyovuliwa ganda ni milimita 31 hivi, na kuikata au kuikunja hupunguza umbali wa kusikika. Antena mbili hulazwa kwa pembe mraba, mbali na betri na nyaya za mota.

Risiva yoyote, hata ya dola 10, sharti iweze kuwekewa amri za dharura: mawimbi yakikatika, mota izime na vibapa vikae mahali palipopangwa. Hili hupimwa chini, rafadha ikiwa imeondolewa, kwa kuzima rimoti na kutazama. Risiva isiyoweza kufanya hivyo haifai kurushwa.

Umeme ndio unaosahauliwa zaidi. Kidhibiti cha mota huilisha risiva volti 5 hivi kutoka kwenye betri kubwa. Sevo ndogo ya gramu 9 ikikwama huweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, na nne zikifanya kazi pamoja huielemea saketi ndogo ya ampea 2 inayotoa umeme huo, hasa ndege ikitumia betri ya seli tatu. Volti ikishuka, risiva huzimika na kuwaka upya angani. Jairo huongeza mzigo huo, kwani sevo hazipumziki. Anayenunua jairo bila kuangalia uwezo wa kidhibiti cha mota huweza kulaumu mawimbi kwa kosa la umeme.

Jairo za ndege huhisi mzunguko katika mihimili mitatu kwa vihisio vidogo vilivyochongwa ndani ya chipu. Zilizoongezewa kihisio cha mchapuko hujua pia upande wa chini, hivyo huweza kuirudisha ndege kwenye mlalo mrushaji akiachia mkono. Kwa anayejifunza, hali hiyo ya kujisawazisha ina thamani kubwa. Kwa mzoefu, hali ya kutuliza mitikisiko peke yake hutosha.

Mnunuzi ana njia mbili. Ya kwanza ni jairo ya pekee, kama A3 ya HobbyEagle, inayofanya kazi na risiva ya itifaki yoyote na kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Ya pili ni risiva yenye jairo ndani, kama S6R na S8R za FrSky, AR636 ya Spektrum au aina za Lemon Rx. Njia ya pili hupunguza nyaya na uzito, lakini humfunga mnunuzi kwa itifaki moja. Mwenye ndege moja na rimoti isiyobadilika hufaidika na ya pili. Mwenye mipango ya kukua hufaidika na ya kwanza.

Jairo ya bei nafuu ikifungwa vizuri hushinda ya ghali iliyofungwa ovyo. Hukazwa karibu na kitovu cha uzito, juu ya tepu ya povu inayomeza mtetemo, na rafadha husawazishwa kwanza. Kabla ya kuruka, ndege huinamishwa kwa mkono: bawa la kulia likishushwa, kibapa chake nacho kishuke, pua ikishushwa, kibapa cha mkia wa mlalo kipande. Kikienda kinyume, jairo itaiangusha ndege mara ikiondoka ardhini. Nguvu ya jairo huanzia chini na kuongezwa kidogokidogo, maana msukumo wa hewa kwenye vibapa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Nguvu inayofaa ndege ikienda polepole huifanya itetemeke ikikimbia.

Bei ya mtandaoni si bei ya Kibirichia. Juu ya usafiri na ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki, unaotegemea aina ya bidhaa, Kenya hutoza VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Usafiri wa risiva moja mara nyingi hukaribia bei yake. Wanafunzi au wapenzi wa ndege wanaoagiza pamoja hupunguza gharama ya kila mmoja zaidi ya punguzo lolote la muuzaji.

Sheria nayo ni sehemu ya bajeti. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 ziliziweka ndege hizo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Masharti ya usajili na ya kibali cha kuingiza huulizwa KCAA kabla mzigo haujaagizwa, na kuruka juu ya hifadhi za wanyama huhitaji kibali. Kwa Kibirichia, iliyopakana na msitu wa Mlima Kenya, mwelekeo wa uwanja huchaguliwa mapema ili ndege isiruke juu ya msitu huo.

Kwa bajeti ya chini kabisa, rimoti ya FS-i6 ya FlySky pamoja na risiva yake, takriban dola 50, humtosha anayeanza, na jairo ya pekee huongezwa baadaye. Anayetarajia ndege kadhaa huanza na rimoti ya ExpressLRS ya gigahezi 2.4 na risiva ya PWM, kwa sababu risiva za ndege zinazofuata ndizo zitakazobeba gharama. Spektrum huwafaa waliokwisha kuwa na rimoti yake. Katika njia zote tatu, akiba inayobaki hununua kidhibiti cha mota chenye ampea za kutosha na rafadha za akiba, kabla ya kununua jairo yenye sifa nyingi zaidi.