Kroshia: Tuzijue Herufi Kabla ya Kununua Uzi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, akina mama wa kikundi chetu hukutana chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa hapa Tabora. Tukishaamkiana, mwangaluka hapa na mwangaluka pale, kila mmoja hutoa mfuko wake. Humo mna uzi, kroshia, mkasi na kazi iliyoanza. Wengine hufuma vitambaa vya makochi, wengine shali, na wengine kofia za watoto wachanga.

Jumamosi moja alikuja mama kijana mwenye mimba ya miezi saba. Alikuwa amefuma blanketi la mtoto kwa kufuata kijitabu alichoazimwa na jirani. Fedha ya uzi aliidunduliza kwa kuuza karanga, na sehemu yake aliichota katika akiba ya kujifungulia, mumewe akiwa hana habari. Alipolikunjua blanketi mbele yetu, machozi yalimlengalenga. Upana wake ulikuwa sawasawa na kijitabu kilivyosema. Lakini urefu ulikuwa nusu tu, nalo lilikuwa gumu kama mkeka.

"Nimehesabu mistari yote, mama zangu," alisema. "Ni themanini kamili. Na tazameni, hata uzi umebaki. Nimekosa wapi?"

Bibi yetu wa kikundi, aliyefundishwa kufuma na masista alipokuwa msichana, alivaa miwani, akakipitia kile kijitabu polepole. Kisha akauliza, "Mwanangu, hii dc uliyofuma ni dc ya nani?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Akina mama wengi wana mikono myepesi, lakini hupoteza uzi na fedha kwa sababu ya herufi mbili.

Neno moja, vipimo viwili

Sisi watu wa Tabora tusilishangae jambo hili. Mji wetu ulikua kwa biashara ya misafara iliyotoka pwani ya Bagamoyo kwenda Ujiji. Wazungu Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, mahali palipoitwa Kazeh, walikuta vitambaa vinatumika kama fedha. Kulikuwa na merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kulikuwa na kaniki, kitambaa cheusi cha buluu. Vilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na mikono minane ilikuwa doti.

Sasa fikiri mwenyewe, ndugu msomaji. Mkono wa nani? Mtu mrefu na mtu mfupi wote husema "mikono minne", lakini vitambaa vyao havilingani. Muuzaji angependa mkono mfupi, na mnunuzi angependa mrefu.

Ndivyo ilivyo kwa kroshia. Vitabu vya Uingereza na vitabu vya Marekani hutumia herufi zilezile kwa mishono tofauti. Hapa kwetu tunavyo vyote viwili, vingine vya tangu enzi za wamisionari, vingine vya mitumba, na siku hizi vijana hutuletea mifano kwenye simu. Mama asiyejua tofauti atafuma kwa uaminifu wote na bado atakosea.

Mishono sita ya msingi

Katika kikundi chetu tumeipa mishono majina ya Kiswahili ili tuelewane. Kila mshono tunaueleza kwa vitendo, halafu tunataja herufi zake za pande zote mbili.

*Mnyororo.* Uzi ukiwa na kitanzi kwenye kroshia, zungusha uzi mara moja na kuuvuta upite ndani ya kitanzi. Huo ndio msingi wa kazi zote. Uingereza na Marekani wote huandika ch.

*Kufungia.* Ingiza kroshia katika mshono, vuta uzi upite katika mshono na katika kitanzi kilichopo, kwa mara moja. Hauongezi kimo, kazi yake ni kuunganisha mzunguko. Waingereza huandika ss, Wamarekani sl st.

*Nguzo fupi.* Ingiza kroshia, vuta uzi. Sasa una vitanzi viwili. Zungusha uzi, vuta upite vyote viwili. Waingereza huuita dc. Wamarekani huuita sc.

*Nguzo nusu.* Zungusha uzi kwanza, ndipo uingize kroshia na kuvuta uzi. Una vitanzi vitatu. Zungusha tena, vuta upite vyote vitatu kwa pamoja. Waingereza huandika htr, Wamarekani hdc.

*Nguzo.* Anza kama nguzo nusu mpaka upate vitanzi vitatu. Lakini sasa vuta uzi upite viwili, kisha zungusha tena na upite viwili vilivyobaki. Waingereza huuita tr. Wamarekani huuita dc.

*Nguzo ndefu.* Zungusha uzi mara mbili kabla ya kuingiza kroshia. Utapata vitanzi vinne, nawe utavimaliza viwili viwili kwa mara tatu. Waingereza huandika dtr, Wamarekani tr.

Umeona basi hatari ilipo? Herufi dc kwa Mwingereza ni nguzo fupi, na kwa Mmarekani ni nguzo, ambayo kimo chake ni karibu mara mbili. Herufi tr nazo zina matatizo hayohayo. Yule mama kijana alifundishwa shuleni kwa mtindo wa Kiingereza, na kijitabu chake kilikuwa cha Kimarekani. Ndiyo maana upana ulitimia, urefu ukawa nusu, na uzi ukabaki. Ule uzi uliobaki ulikuwa ukimwambia kitu, lakini yeye alidhani amenunua mwingi.

Utajuaje kitabu ni cha wapi?

Kabla ya kununua uzi, soma mfano wote tangu mwanzo hadi mwisho. Tafuta alama hizi:

1. Ukiona sc au hdc mahali popote, kitabu ni cha Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana mishono ya majina hayo. Katika kile kijitabu, sc ilikuwepo kwenye maelezo ya ukingo. Mama yetu alidhani ni kosa la mpiga chapa, akairuka.

2. Ukiona htr au dtr, mara nyingi kitabu ni cha Kiingereza. Lakini Wamarekani nao wana dtr yao, ndefu zaidi, kwa hiyo htr ndiyo shahidi wa kuaminika.

3. Kuzungusha uzi, Wamarekani huandika yo na Waingereza yrh. Kuruka mshono, Wamarekani huandika sk, na Waingereza huandika miss.

4. Tazama namba ya kroshia. Wamarekani hutumia herufi. Kwa mfano G ni milimita 4. Waingereza wa zamani walitumia namba zinazokwenda kinyume: namba 8 ni milimita 4, na namba 14 ni milimita 2. Yaani namba ikipanda kroshia inakuwa nyembamba. Siku hizi milimita ndizo salama.

Alama nyingine ni rahisi. Herufi st maana yake mshono, na rep maana yake rudia. Nyota ndogo inakuonyesha mahali pa kuanzia kurudia. Inc ni kuongeza, yaani mishono miwili katika tundu moja, na dec ni kupunguza, yaani kuunganisha miwili iwe mmoja.

Baada ya hayo, fuma kipande kidogo cha majaribio, upana wa vidole vinne, na ukipime. Ni afadhali upoteze nusu saa kuliko kupoteza mabonge sita ya uzi.

Fumua bila aibu

Yule mama alitaka kulitupa blanketi. Bibi akamzuia. Kroshia ina fadhili moja: kila wakati kitanzi kimoja tu ndicho kilicho wazi. Ukikata fundo la mwisho na kuvuta, kazi yote hufumuka kama ilivyofumwa. Tuliketi watatu, mmoja akivuta na wawili wakikunja uzi. Hadi saa sita mchana mabonge yote yalikuwa yamerudi. Tuliyafua kwa maji ya vuguvugu na kuyaanika kivulini ili uzi unyooke.

Tulimshauri pia amweleze mumewe habari za ile akiba. Alimweleza usiku uleule. Mume alikasirika kidogo, kisha akauliza kama uzi umepatikana. Mambo yakaisha.

Lakini mtoto hakusubiri blanketi. Alizaliwa siku kumi na moja baadaye, akiwa njiti, mwenye uzito wa kilo 1.9. Sisi tulio wauguzi tunajua kwamba adui wa kwanza wa mtoto kama huyo ni baridi, hata katika mji wenye joto kama wetu. Hana mafuta mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili, hivyo joto hupotea upesi hapo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36.5, nguvu ambayo angeitumia kunyonya na kukua huitumia kujipasha joto.

Dawa yake haiuzwi dukani. Mtoto hulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia tu, kisha wote wawili hufunikwa. Hiyo ndiyo huduma ya kangaruu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri. Kofia basi si pambo. Jioni ile Bibi alichukua bonge moja la uzi uliofumuliwa, na kabla ya kulala kofia ilikuwa tayari.

Kofia ya mtoto mchanga

Tumia uzi laini wa pamba wa unene wa wastani na kroshia ya milimita 4. Neno nguzo hapa ni ile tuliyoeleza juu.

Anza: minyororo 4, fungia iwe duara.

Mzunguko wa 1: minyororo 3 (hiyo huhesabiwa kuwa nguzo ya kwanza), nguzo 11 ndani ya duara. Fungia. Jumla 12.

Mzunguko wa 2: nguzo 2 katika kila mshono. Jumla 24.

Mzunguko wa 3: nguzo 1, kisha nguzo 2 katika mshono unaofuata, rudia. Jumla 36.

Mzunguko wa 4: nguzo 1, nguzo 1, kisha nguzo 2 katika mshono unaofuata, rudia. Jumla 48.

Mzunguko wa 5 hadi wa 12: nguzo 1 katika kila mshono, bila kuongeza.

Maliza kwa mizunguko miwili ya nguzo fupi, kata uzi na ufiche ncha.

Kila mzunguko wa nguzo huanza kwa minyororo 3 na huisha kwa kufungia. Kwa mtoto njiti, badili mzunguko wa 4: nguzo 1 katika mishono mitano, kisha nguzo 2 katika wa sita; rudia. Utapata 42. Halafu punguza mizunguko miwili ya urefu. Ikiwezekana pima kichwa cha mtoto. Kofia iwe ndogo kidogo kuliko kichwa, kwa kuwa pamba hunyumbuka.

Maneno machache ya muuguzi

Fua kofia kabla ya kumvalisha mtoto. Usiache ncha ya uzi ndani ya soksi au glavu, kwani uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto huweza kuzuia damu. Kagua vidole vyake kila unapombadilisha. Usitie vifungo wala kamba za kufunga shingoni. Usimfunike mtoto uso kwa kitambaa chochote. Na mtoto mkubwa aliyetimiza siku zake asilazwe na kofia na sufu wakati wa joto la Oktoba. Mguse shingoni, akitoka jasho, mpunguzie nguo.

Kazi ya mikono si mchezo

Wapo akina baba wanaosema kufuma ni kupoteza muda. Tuwakumbushe kwa upole kwamba njaa kubwa ilipoikumba Ayalandi kuanzia mwaka 1845, wanawake wengi walilisha jamaa zao kwa kufuma na kuuza kroshia, ambayo watawa walisaidia kuifundisha. Na katika Matendo ya Mitume, Dorkasi wa Yafa alikumbukwa na wajane kwa nguo alizowashonea.

Blanketi la mama yetu lilikamilika mtoto alipokuwa na majuma matano. Lilikuwa na mistari themanini, na urefu ulitimia. Leo mtoto anatambaa, naye hulivuta vumbini kila Jumamosi chini ya mwembe. Mama yake ndiye tunayempa vitabu vipya avikague. Kabla ya mtu yeyote kukata uzi, tunamsikia akiuliza, "Hii dc ni ya nani?"