Kung'arisha Radio ya Zamani

Katika nyumba nyingine vijijini bado zipo radio za miaka ya 1970. Mwaka 1973 watu walikaa kwa vikundi kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya katika radio kama hizo. Sauti bado nzuri, ila sura imechakaa. Basi mtu anachukua majivu na mchanga, anaisugua kama sufuria.

Hapana, ndugu! Sufuria ni alumini tupu. Bamba la mbele la radio nalo mara nyingi ni alumini, lakini lina ngozi nyembamba iliyotiwa kiwandani, na namba za stesheni zimepigwa hapo hapo. Majivu yanaila ngozi hiyo. Ukisugua mara mbili tatu namba zimekwenda, na hazirudi. Mzee aliyezoea kutafuta stesheni kwa namba atafanyaje?

Kwanza toa betri. Kama radio ni ya umeme, chomoa waya. Halafu futa bamba kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni kidogo. Kikamue sana, maji yasiingie ndani. Ndimu usiipake hapo.

Pembe na mpini unaong'aa ni jambo jingine. Mara nyingi hicho ni chuma kilichopakwa kromu, nyembamba kuliko unywele. Kromu ina vitundu tusivyoviona. Unyevu unapenya, chuma cha chini kinashika kutu, na kutu inatokeza juu kama madoa ya tumbaku. Chukua ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara (hapo tu sigara ina faida!), ichovye majini, sugua polepole. Karatasi hiyo ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Stilwaya inakwaruza. Futa, kausha, kisha pakaa tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yananata na kushika vumbi.

Kromu ikishabanduka, kusugua hakuirudishi. Fundi wa kuchovya kromu anaweza, lakini malipo yake huenda yakapita bei ya radio. Sisi tungeiacha hivyo, tukapaka mafuta kila mwezi.

Tazameni pia springi za betri. Betri za kawaida zikivuja hutoa asidi. Futeni kwa maji ya magadi. Zile zilizoandikwa alkaline, tumieni ndimu. Kausheni vizuri. Radio isiyotumika mwezi mzima, betri zisikae ndani.