Futi Elfu Tano Chini ya Ardhi

Mtu asimamaye Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, na kutazama upande wa kaskazini, huziona ndege kubwa zikishuka moja baada ya moja kuelekea Embakasi, na kwa kuwa nchi hii ni tambarare tangu Isinya hata mpaka wa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, aghalabu hudhani kwamba amesimama mahali pa chini, na kwamba ndege ile ina nafasi tele baina yake na ardhi. Dhana hiyo si sahihi. Nyanda za Kaputiei, kutoka Kitengela hata Kajiado mjini, zote zimepita futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, na kiwanja cha Embakasi, ambacho tangu mwaka 1978 huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta, kina kimo cha futi 5,300 na zaidi. Rubani naye, anapokaribia kutua, hapewi kimo chake kwa hesabu ya ardhi iliyo chini yake bali kwa hesabu ya bahari; na kwa hesabu hiyo futi 5,000, ambazo juu ya Mombasa au Dar es Salaam ni mbingu yenye amani, kwetu sisi ziko chini ya udongo.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa kuwa asiyeifahamu hawezi kulielewa jambo lililotokea tarehe 3 Septemba 1974, ambalo marubani wa dunia wamelijadili katika madarasa yao na vitabu vyao, ijapokuwa wakazi wa nyanda hizi waliopata kulisikia ni akali sana. Siku hiyo ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways, shirika ambalo lenyewe lilikuwa na umri wa miezi mitano tu, ilikuwa inakaribia kutua Embakasi, na mawingu yameifunika nchi. Mwongoza ndege akairuhusu ishuke hata futi 7,500. Katika redio za marubani nambari haitamkwi kwa maelfu na mamia kama tutamkavyo sokoni, bali hutajwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia, au wakaamini kwamba wamesikia: tano, sifuri, sifuri, sifuri. Nambari hiyo ikawekwa katika chombo cha kuchagulia kimo, na ndege ikaendelea kushuka kwa utulivu, ikikitafuta kimo ambacho hakipo, maana kiko zaidi ya futi 300 chini ya kiwanja chenyewe.

Ilipotoka mawinguni, ardhi ilikuwa papo hapo. Marubani wakazitia injini nguvu, wakaiinua pua, ndege ikapanda. Na katika nukta ile iliyokuwa ya chini kupita zote, baina ya ndege na nyasi zilibaki futi 70 hivi. Ncha ya mkia wa Boeing 747 iliyosimama kiwanjani huwa na kimo cha futi 63. Hiyo ndiyo nafasi iliyowatenga abiria wale na mauti, nao wengi wao yamkini hawakujua, kwa kuwa mtu aliyeketi dirishani huona mawingu meupe, kisha huona majani, kisha huona mawingu tena.

Ndege ikazunguka, ikatua salama, na hapo ndipo hoja zilipoanza. Walioshika upande mmoja walisema kwamba kosa ni la sikio na ulimi: nambari mbili zile zote zina tano, zote zina sifuri zinazofuatana, na mtu aliyesafiri usiku kucha, akiyasikiliza maneno yanayopasukapasuka redioni, husikia kile ambacho nafsi yake imekwisha kukitarajia. Jambo la kutisha ni kwamba waliokosea hawakuwa mmoja, bali ni wawili waliofunzwa vyema, walioketi bega kwa bega, nao wakakosea kosa lilelile. Kwa hiyo ile kinga tunayoitegemea sana, kwamba akighafilika huyu yule atamwamsha, haikufaa kitu. Wa upande wa pili walijibu kwa ukali zaidi. Hata kama sikio limekosea, walisema, akili ilikuwa na wajibu wa kukataa, kwa sababu ramani ya kutua iko mbele ya rubani, kimo cha kiwanja kimeandikwa juu yake, na nahodha anayekubali kushushwa hata futi 5,000 penye kiwanja cha futi 5,300 amekubali kuzikwa. Na wako walioitazama kanuni ya kukariri: kwamba rubani hana budi kuirudia kila ruhusa ya kimo neno kwa neno, naye mwongoza ndege hana budi kuyasikiliza marudio hayo kama anayesikia jambo jipya, si kama anayesikia mwangwi wa sauti yake mwenyewe.

Kwa maoni yangu, hoja ya hao wa pili ni ya kweli lakini haina manufaa makubwa. Kumwambia mtu kwamba angalikumbuka kimo cha Embakasi asingalikosea ni kumwambia jambo analolijua tayari, wala hakumsaidii rubani mwingine atakayekuja kesho akiwa amechoka vilevile. Hoja ya kwanza na ya tatu ndizo zenye uzao, kwa sababu zinauliza ni nini kilichoyafanya makosa yale yawe mepesi, na ni kitu gani kingeweza kusimama njiani kuyazuia.

Kiwanja hichohicho hakikupata hata miezi mitatu ya amani. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, iliyokuwa imetoka Frankfurt na sasa inaendelea kwenda Johannesburg, iliondoka Embakasi ikiwa na watu 157. Mabapa ya ukingo wa mbele wa mabawa, ambayo hufunguliwa ili bawa lipate nguvu ya kuinua ndege wakati mwendo ungali mdogo, hayakuwa yamefunguka, kwa sababu vali za kupitishia hewa ya kuyaendesha zilikuwa zimefungwa. Penye kimo kama chetu, ambapo hewa ni nyepesi, bawa lina haja ya kila msaada. Ndege iliacha ardhi, ikapanda kidogo, ikatetemeka, ikakosa nguvu, na kuanguka mita 1,120 hivi kupita mwisho wa njia ya kurukia. Watu 59 walikufa, na 98 wakaokoka. Ndiyo ajali ya kwanza ya Boeing 747 iliyoua watu tangu aina hiyo ianze kuruka.

Wachunguzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo siku zile ndiyo iliyokuwa na dhamana ya anga letu, waliiona sababu ya vali waziwazi. Lakini swali la nani mwenye hatia lilihamia kwingine: mhandisi wa ndege ile alishtakiwa nchini Ujerumani, na hakutangazwa kuwa hana hatia mpaka mwaka 1981. Katika miaka hiyo yote macho ya watu yalimwelekea mtu mmoja na mkono wake. Ila jambo linaloniuma mimi ni jingine: mashirika mengine yalikwisha kupatwa na kasoro hiyohiyo kabla ya siku ile, ndege zao zikanusurika, habari zikatolewa, na bado hapakuwa na king'ora cha kumwonya rubani kwamba mabapa ya mbele hayakufunguka. Boeing iliweka onyo hilo baada ya watu 59 kufa katika nyasi za Embakasi.

Siku kumi na moja baada ya ajali ya Lufthansa, tarehe 1 Desemba 1974, ndege ya shirika la TWA iligonga kilima katika jimbo la Virginia, Marekani, na watu wote 92 waliokuwamo wakafa. Marubani walikuwa wamepewa ruhusa ya kukaribia kiwanja, nao wakaelewa kwamba ruhusa hiyo ni idhini ya kushuka hata futi 1,800 papo hapo. Waongoza ndege kwa upande wao walidhani kwamba marubani wanajua kuwa vilima vilivyo njiani vimepita kimo hicho. Hata wajumbe wa bodi ya uchunguzi hawakuafikiana: walio wengi waliutia uzito uamuzi wa marubani, na wengine wakaandika maoni yao mbali kwamba taksiri ya waongoza ndege haikuwa ndogo. Na ikabainika kwamba wiki sita kabla ya hapo ndege ya shirika la United ilikuwa imeelewa maneno hayohayo kwa maana ileile mbaya, ikapita karibu mno na kilima hichohicho, ikanusurika. United ikawaonya marubani wake wenyewe, lakini onyo halikuwafikia marubani wa TWA.

Watu 92 hao walikufa kwa habari ambayo tayari ilikuwa imeandikwa, ila ilikuwa imefungiwa ndani ya nyumba ya jirani.

Kutokana na mikasa ya mwaka ule yalizaliwa mambo mawili. La kwanza ni kuenea kwa chombo kilichokuwa kimekwisha kubuniwa na mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada, ambacho huipima nafasi iliyopo baina ya ndege na ardhi na kupaza sauti kumwamuru rubani apande. Serikali ya Marekani ilikilazimisha katika ndege kubwa za abiria, na mataifa mengine yakafuata. La pili, lililoanza mwaka 1976, ni utaratibu wa Wamarekani kupokea taarifa za marubani waliokosea na kunusurika, taarifa hizo zikipelekwa kwa NASA na si kwa mamlaka yenye uwezo wa kuwanyang'anya leseni, ili mtu aseme kweli bila ya kuhofia riziki yake. Kati ya mawili hayo mimi nalipenda la pili zaidi. Chombo hulia kwa hatari moja kilichofundishwa kuijua. Mtu anayesema bila hofu huzitaja hatari ambazo hakuna aliyezifikiria bado. Na kanuni za anga za dunia, katika kiambatisho cha 13 cha mkataba wa Chicago, zimetamka wazi kwamba shabaha ya uchunguzi wa ajali ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafuta wa kulaumiwa.

Jambo hili halikwisha mwaka 1974. Jumanne ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya shirika la Safarilink aina ya Dash 8, yenye watu 44, iliondoka kiwanja cha Wilson kwenda Diani, na mara wakasikia kishindo kikubwa. Walikuwa wamegongana angani na ndege ndogo aina ya Cessna 172 ya shule ya urubani. Dash 8 ikarudi na kutua salama. Cessna ikaangukia katika Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ng'ambo ya mpaka ambao sisi wa Kitengela tunaujua vizuri, na waliokuwamo, mwalimu na mwanafunzi wake, wakafariki wote wawili. Kwa abiria wa Diani lilikuwa tukio la kunusurika. Kwa nyumba mbili lilikuwa msiba. Waliosikia habari walianza mara moja kuuliza ni nani aliyekosea, wa mnara, wa ndege kubwa au wa ndege ndogo, hata kabla Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege haijaanza kuviokota vipande.

Ndege kubwa siku hizi huchukua chombo cha kuonya juu ya kugongana angani, lakini chombo hicho kina mipaka: huitambua tu ndege nyingine iliyo na kifaa cha kujitambulisha, na chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini hakitoi amri ya kupanda wala kushuka. Kwa hiyo katika dakika zile za kwanza za kuondoka Wilson, ambako ndege za watalii, za wagonjwa na za wanafunzi hushirikiana anga moja nyembamba, kinga kubwa iliyobaki ni macho, na maneno ya redioni yakisemwa haraka kwa Kiingereza na watu wa lugha nyingi. Wanafunzi hao huja hata kwetu Kajiado kujizoeza kutua, katika kiwanja kidogo cha Orly na kwingineko. Taarifa za uchunguzi wa tukio la Machi 2024, na za kila tukio la kunusurika ambalo halikuua mtu na kwa hiyo halikuandikwa magazetini, zinapasa kusomwa kwa sauti mbele yao, darasani, sentensi kwa sentensi, pamoja na maneno halisi yaliyosemwa redioni, na mwongoza ndege wa Wilson awe amealikwa kuketi pamoja nao na kujibu.