Upepo wa Kusi na Mwendesha Baiskeli: Kutoka Triathloni Hadi Mbio za Kundi

Barabara itokayo Paje kupitia Jambiani hadi Makunduchi ni tambarare, nayo hufuata pwani ya mashariki ya Unguja. Aitazamaye hudhani kwamba hapo mwenye misuli imara atashinda siku zote. Lakini kati ya Juni na Septemba kusi huvuma kutoka baharini, na hesabu hubadilika.

Triathloni ni shindano la michezo mitatu mfululizo: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Katika Olimpiki, ambako iliingizwa mwaka 2000 mjini Sydney, masafa yake ni mita 1,500, kilomita 40 na kilomita 10. Mwanamichezo wa ridhaa ahamaye huko na kuingia mbio za baiskeli huja na moyo na mapafu yaliyozoea kazi ndefu. Hata hivyo, mara nyingi huachwa nyuma na watu ambao angewashinda kama kila mmoja angekwenda peke yake.

Sababu ya kwanza ni hewa. Ukinzani wake hulingana na kipeo cha pili cha kasi ambayo hewa humpiga mwendeshaji. Tuseme mtu anakwenda kilomita 30 kwa saa, na upepo wa kilomita 20 kwa saa unamjia usoni. Hewa humpiga kwa kilomita 50 kwa saa, na ukinzani huwa (50/30)², yaani karibu mara 2.8 ya ule wa siku ya shwari.

Afuataye gurudumu la mwenzake hupita mahali ambapo hewa imekwisha kupasuliwa, na kwa mwendo wa kasi huweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Lakini kusi la Paje hupiga zaidi ubavuni. Kwa hiyo kinga haipo nyuma kabisa. Ipo nyuma kidogo kwa upande wa bara, ule ambao wanamaji huuita demani, mkabala wa goshini unakotoka upepo. Waendeshaji wazoefu hujipanga mshazari wakakingana kwa zamu. Upana wa barabara ukiisha, wa mwisho hukosa kinga, na hapo ndipo kundi hukatika.

Sehemu kubwa ya triathloni za ridhaa hukataza jambo hilo hilo: mshindani hutakiwa kuacha nafasi ya mita 10 au zaidi nyuma ya mwenzake. Basi amefundishwa kwa miaka kuikimbia kinga ambayo sasa anaihitaji. Hata usukani wake wenye viegemeo vya viwiko hauruhusiwi katika mbio za barabarani za kundi, kwa kuwa mikono huwa mbali na breki.

Sababu ya pili imo mwilini. Mwanatriathloni hugawa nguvu zake sawasawa, kwani bado ana kukimbia mbele yake. Mbio za kundi huenda kwa mishtuko: utulivu, kisha ghafla kasi isiyoweza kuhimiliwa na oksijeni peke yake. Akiba ya mwili kwa mishtuko hiyo ni ndogo na hujazwa polepole. Mazoezi marefu ya mwendo mmoja, hata yawe mengi, hayatoshi kuizoeza misuli kazi hiyo.

Ipo njia moja ambako sifa zake hazipotei: mbio za kushindana na saa, ambako kila mtu huondoka peke yake. Mmarekani Kristen Armstrong aliacha triathloni baada ya kugunduliwa, mwaka 2001, kuwa na ugonjwa wa viungo vya nyonga. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mwaka 2008, 2012 na 2016.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo la hewa katika kiwanja kigumu kisicho na magari. Wanafunzi wawili wa uzito uliokaribiana waende kwa kasi moja, mmoja nyuma ya mwenzake kwa mita mbili, kisha waache kukanyaga kwa pamoja. Wa nyuma awe tayari kushika breki, kwani ataanza kumkaribia wa mbele. Wabadilishane nafasi, kila mmoja akibaki na baiskeli yake, warudie, ili ijulikane kwamba tofauti haikutokana na baiskeli.