Cheti cha Mei Mosi na Miezi Inayobaki

Kila ifikapo tarehe 1 Mei, watumishi wa halmashauri nchini huandamana pamoja na wenzao wa sekta binafsi, na wachache miongoni mwao huitwa mbele ya jukwaa kupokea cheti na zawadi ya mfanyakazi hodari. Kesho yake mwalimu hurejea darasani, muuguzi zahanati na mtendaji wa kata ofisini kwake. Kinachomfikia mtumishi huyo katika miezi inayobaki ni suala la mkuu wake wa kazi, lakini matokeo yake humfika mwananchi. Mtumishi anayehisi kuwa jitihada zake hazionekani huomba uhamisho. Barua yake itataja familia au afya; ni nadra kutaja kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kazi yake ina maana.

Chukua mfano wa chanjo. Chanjo nyingi za watoto hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8. Umeme unapokatika usiku, mhudumu wa zahanati ndiye anayeamka kukagua jokofu, kusoma kipimajoto na, ikibidi, kuhamishia chanjo kwenye kasha la baridi. Asubuhi kina mama hufika na watoto wao, hudungwa, huondoka. Hakuna aliyeona lolote, kwa kuwa kazi hiyo ikifanywa vyema haionekani kabisa. Mganga mfawidhi anayesema tu, “Ahsanteni kwa kazi nzuri,” amesema jambo la heshima, ila lingeweza kusemwa kwa yeyote. Akisema, “Nimeona kumbukumbu za jokofu za Jumanne usiku; umeokoa chanjo za mwezi mzima,” mhudumu hutambua kuwa kuna aliyeisoma karatasi aliyoijaza saa nane za usiku. Maneno hayo hayahitaji fungu la bajeti. Yanahitaji msimamizi aliyekagua, na akayasema wiki ileile.

Serikali ina utaratibu wake wa kupima kazi. Mfumo wa mapitio ya wazi, uliofahamika zaidi kama OPRAS, ulianza mwaka 2004 na baadaye ukapokewa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi huyatathmini. Kompyuta hutunza alama. Haimtazami mtu usoni. Msimamizi anayebofya kuidhinisha bila kufungua kazi iliyofanyika hajamtambua mtu, hata kama alama alizotoa ni za juu.

Upo pia udhaifu usiopendeza kuutaja: idara kuteua mfanyakazi hodari kwa zamu, mwaka huu fulani, mwakani mwenzake. Nia ni kuepusha manung’uniko, lakini cheti cha zamu hakimheshimu anayekipokea, na humvunja moyo aliyestahili. Dawa yake ni kutangaza vigezo mapema na kueleza hadharani aliyeteuliwa amefanya nini.

Hata hivyo, shukrani haichukui nafasi ya stahiki. Mtumishi anayedai nauli ya likizo au anayesubiri kupandishwa cheo hawezi kushibishwa kwa sifa. Mkuu wa kazi asiye na mamlaka ya kulipa bado anaweza kufuatilia jalada la mtumishi wake na kumpa majibu ya kweli, na kufanya hivyo ni kumthamini.

Mwananchi naye ana nafasi. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, si wa malalamiko pekee. Mkazi aliyehudumiwa vyema anaweza kusimama na kumtaja mtumishi, huduma na tarehe, au kuandika hayo na kuyatumbukiza katika sanduku la maoni la kituo, ili mkuu wake awe na jambo mahususi la kumweleza. Bahasha ya fedha, hata ikiitwa ahsante, isitolewe. Humweka mtumishi huyo mashakani kwa tuhuma za rushwa.